Mapeasi Yaliyolala Msamala

Yote nitakayoandika hapa ni kweli. Sisemi kweli ya mashahidi, maana mashahidi wengine wameshakufa na waliobaki wana wivu. Nasema kweli ya mtu aliyekuwepo. Naapa kwa mguu wangu wa kushoto. Wa kulia siuapii tena, kwa sababu mwaka fulani niliuapia habari za kambale wa mto Ruvuma aliyevaa saa ya mkononi, nikachechemea mpaka Pasaka. Huu wa kushoto mpaka leo ni mzima, anayetaka aje autazame.

Habari yenyewe ni ya mpeasi uliokuwa mbele ya nyumba yangu pale Msamala, mjini Songea, na jinsi ulivyobakiza kidogo tu ugeuzwe miiko ya kupikia ugali. Asiyelijua peasi asihangaike. Ni tunda lenye shingo, chini nene, juu jembamba, kama kibuyu kidogo. Wabena wa Njombe wanayo mengi, ya kijani, laini, yanauzwa kwenye ndoo. Letu halikuwa la namna hiyo. Marehemu baba alipewa kichipukizi na bruda mmoja mzee wa misheni, Mjerumani, aliyekuwa anarudi kwao, na yule bruda alimtajia jina la aina ile, jina refu, baba akalibeba mdomoni njia nzima asilidondoshe. Kwenye kijito akainama kunywa maji, na aliponyanyuka lilikuwa limekwenda na maji.

Basi tunda likakua bila jina. Ganda lake lilikuwa la kahawia, linakwaruza kama kidevu cha mtu aliyeamka, na ugumu wake sijui niufananishe na nini. Majirani walikuwa wakiliita peasi-jiwe. Wengine walilitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Mwaka mmoja nililiona kwa macho yangu likianguka juu ya bati la jirani, likatoboa, likaingia ndani, likakaa kwenye kiti cha mwenye nyumba, na mwenye nyumba alipotoka jikoni gizani akaliamkia shikamoo.

Miaka ninayoisema ni ile ya mwanzo ya ruksa, serikali ilipoachia watu wafanye biashara. Foleni za sukari zilikuwa zimekwisha na kila mtu mjini amefungua kitu: huyu kioski, yule kinyozi, yule anauza mitumba juu ya turubai. Mimi nilikuwa nimestaafu utunzaji wa ghala la tumbaku, kazi niliyoifanya mpaka nikajua kusoma kitabu kizima kwa magazeti ya kufungia tu. Nikawa nakaa chini ya mpeasi natazama biashara za watu zikipita. Mke wangu, Ludovika, hakukaa. Alitaka genge la kuuzia mafuta ya taa, chumvi, vitumbua na sabuni, tena alitaka liwe barabarani, watu wasihangaike kuingia uani. Na barabarani palikuwa na mahali pamoja tu, pale uliposimama mti.

Alishazungumza na Leo, fundi seremala wa mtaa. Leo alikuwa kijana mwenye adabu mno. Alipita kila asubuhi, ananiamkia vizuri, kisha anaukumbatia mti kwa mikono miwili kupima unene wake, kama mtu anayeaga ndugu. Mti ule, aliniambia, ungetoa miiko mizuri isiyopasuka.

Baba alizikwa kwetu Madaba, mbali na hapa, na kwa Songea nzima vitu vyake vilivyobaki vilikuwa viwili: mti ule na pua yangu. Pua haikuwa na mgogoro na mtu. Nilimwomba Ludovika auache mti, nikamweleza habari ya bruda, nikamweleza hata vitu ambavyo bruda hakuvifanya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwani ni mwanamke anayesikiliza. Mwezi wa tatu ule, mti ukiwa umejaa, akanitamkia hukumu akiwa anapepeta mchele, hata kichwa hakunyanyua.

"Baba Getruda, jumuiya itasali hapa kwetu sikukuu ya Petro na Paulo. Siku hiyo nataka nile tunda la mti huu, mimi na wageni wangu, kwa meno haya haya. Likilika, mti ni wako na mimi sitasema tena. Lisipolika, kesho yake Leo anakuja na shoka."

Petro na Paulo ni mwisho wa mwezi wa sita. Nikakubali, na Leo, aliyekuwa ameegemea mti wake, akasema naye amekubali, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Nikafanya ambalo kila mtu wa hapa angelifanya. Nilichimba shimo nyuma ya jiko, nikapasha shimo kwa moshi, nikatandika majani ya mgomba, nikayavundika mapeasi kama ndizi, yale yaliyokuwa yameshaanguka na mengine niliyoyatingisha. Nilipofukua, yalikuwa yanapendeza. Ganda zima, rangi nzuri. Nikalipasua la kwanza. Ndani kahawia tupu, maji maji, kama ugoro uliomwagiwa chai. La pili vivyo hivyo. Ludovika alikuja akatazama, akachukua jembe, akafukia lile shimo mwenyewe, taratibu, akiimba wimbo wa mazishi kwa sauti ya chini.

Mchana ule nililala chini ya mti nikiwa na huzuni, na mvua za mwisho zilikuwa zinanyesha kwa mbali upande wa milima ya Matogoro, zile ambazo mtu haoni matone, anaona tu mlima umefunikwa shuka. Hapo ndipo baba alipokuja. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na hana viatu. Hakunisalimia wala hakusubiri nimwamkie. Aliinua mkono, akalishika peasi moja lililokuwa bado juu, akalilaza ubavu pale pale tawini, pole pole, kama anavyolazwa mtoto mchanga, na kikonyo kikaachia chenyewe bila kuvutwa.

Akasema, "Peasi hili haliivi mtini. Likikaa mtini linaoza kuanzia moyoni. Wala halitaki moto. Liweke ndani kama mwali. Lipe baridi na giza, lisiguswe na mwenzake, na lisiharakishwe."

Nikamwuliza nitajuaje limeiva, maana ganda lake halibadiliki. Akanishika shingo kwa kidole gumba, hapa chini ya sikio, akabonyeza kidogo. Nikaamka, na pale alipobonyeza palikuwa pa baridi mpaka jioni.

Yaliyobaki mtini niliyachuma kwa namna ile. Ambalo lilikubali kulazwa likaachia, nilichukua. Ambalo lilikataa, nililiacha mpaka siku yake. Nyuma ya nyumba tulikuwa na banda la zamani la matofali mabichi, jiko letu la kwanza, lenye paa la nyasi na dirisha dogo la upande usiopigwa na jua. Humo nilijenga kichanja cha fito, nikamwagia makapi ya ulezi, nikayapanga mapeasi vikonyo juu, kila moja na nafasi yake, kila moja limefungwa gazeti.

Na hapo niseme jambo ambalo wataalamu hawalijui. Yale niliyoyafunga kwa magazeti ya zamani, ya miaka ya foleni, yalilala kwa subira kabisa, hayana haraka, yanangoja zamu. Niliyoyafunga kwa magazeti mapya ya watu binafsi, yaliyoanza kufika na mabasi, yalihangaika kichanjani. Ukiweka sikio unasikia yananong'onezana. Yakaiva mapema kuliko mengine, kwa umbea.

Nikahamishia kitanda changu cha kamba bandani ili niyalinde. Ludovika alisema mtu aliyelinda tumbaku ya mkoa hawezi kushindwa na matunda. Alisema hivyo kwa nia njema, na nadhani aliamini.

Mwezi wa tano ukaja na ule ukungu wa Songea unaoshuka asubuhi ukakaa barabarani kama ng'ombe aliyegoma. Baridi ikaingia bandani kwa miguu yake yenyewe. Nikawa nalala mchana baada ya chakula, nimejifunika blanketi mbili, na mapeasi yamelala upande wa pili, na kati yetu hewa imeanza kubadilika. Kwanza ilikuwa harufu ya majani yaliyokatwa. Halafu ikawa ya asali, siyo ile ya dukani, bali ile inayonukia ndani ya gogo kabla hujaifikia. Halafu ikawa harufu ambayo sina jina lake, kama chumba alichopita mtu unayempenda akatoka.

Harufu ile ilitoka dirishani ikatembea. Mbwa wa mtaa walilala katikati ya njia wakipigapiga mikia. Baiskeli za watu zilipunguza mwendo zenyewe zikifika kwetu. Mwalimu mmoja wa katekisimu alipita akielekea kufundisha, akakaa kwenye jiwe letu apumzike kidogo, akaamka amekwisha kufundisha somo lote, na watoto wanasema hajawahi kufundisha vizuri vile.

Siku moja nikanyoosha mkono nikabonyeza shingo ya peasi la mwanzo wa mstari. Likabonyea kidogo, kama linaitika. Ilibidi kuonja. Mtunza ghala asiyeonja atajuaje anachotunza?

Ganda lilipasuka bila kelele. Nyama yake ilikuwa nyeupe ya maziwa, haitafunwi, inayeyuka, na maji yake yalikimbia mpaka kwenye kiwiko nikayafuata huko huko. Ilikuwa tamu, lakini mwisho wa utamu kulikuwa na ukali kidogo, kama mtu anayekukanya huku anatabasamu. Nilikaa na kile kikonyo mkononi. Jua lilikuwa limeingia kwa lile dirisha dogo likakaa juu ya magazeti, na nilihisi kwamba mambo yote yaliyokuwa yananisumbua yalikuwa ya mtu mwingine, anayeishi mbali, na mimi namwombea.

Kisha nikalala, na tangu hapo nisilaumiwe, kwani sikuwa macho.

Niliota Msamala umeinuka kutoka ardhini, juu kidogo tu, urefu wa goti. Nyumba zinakwenda taratibu kuelekea Madaba, na kuku wao, na nguo zilizoanikwa. Malori ya mitumba yanapita chini kama mto na mashati yanaogelea. Marehemu mama alikuwa mlangoni kwetu Madaba akanikaribisha, akaweka sahani, na kwenye sahani kulikuwa na peasi. Ndotoni mtu hakatai sahani ya mama yake. Nikala.

Kesho yake mchana nikamwota yule bruda. Alikuwa anatembea bustanini kwao Ulaya, kwenye theluji, amevaa kandambili. Alinitajia lile jina refu la tunda, lote, nikalielewa, nikacheka. Akanipa peasi. Mtu aliyetoka mbali namna hiyo utamwambia umeshiba? Siku nyingine alikuja baba, wakaja wazee wa zamani wenye ngao, wakaja wasichana wa kwaya ya ujana wangu ambao sasa ni mabibi, na kila mmoja amekuja na peasi lake mkononi. Nilikuwa nikiamka jioni, ndevu zimelowa, moyo mweupe. Nilidhani ni jasho.

Wiki ile ya sikukuu niliamka nikaenda kichanjani kuyahesabu. Gazeti la kwanza lilikuwa limefungwa vizuri sana, na ndani yake hamna kitu. La pili pia. Nilifungua mstari mzima, nikafungua wa chini, nikapekua makapi. Yalikuwa magazeti matupu yaliyofungwa kwa umbo la mapeasi, kazi nadhifu, kazi ya mtu anayejua ghala. Nikafikiria panya. Lakini panya hafungi gazeti.

Nje nilimsikia Leo ananoa shoka. Alikuwa amelileta mapema, alisema, lizoee mahali.

Sikuwa na njia ila moja. Pale stendi kulikuwa na mama wa Kibena, Emerensiana, mwenye kuleta matunda kutoka Njombe. Kwao kuna baridi ya kuganda, na yeye alijua kuyaficha mapeasi ardhini chini ya majani makavu hata yakafika miezi ambayo wenzake wote wameshasahau msimu. Sisi Wangoni na Wabena ni watani, kwa hiyo kununua kwake hakukuwa kununua, kulikuwa vita. Aliniambia anashangaa kumwona Mngoni analipia kitu. Nikamwambia ndoo yake inanuka umaskini. Tukaelewana, nikaondoka na kikapu kizuri, na hakuniuliza nakipeleka wapi.

Tatizo lilikuwa rangi. Ya kwake ya kijani, yangu kahawia. Nikachukua udongo mwekundu wa hapa hapa uwanjani, nikauchekecha kwa kitambaa, nikaukoroga kwa chai ya rangi, nikayapaka moja moja nikayaanika bandani. Yalipokauka hata mimi niliyaamini. Yalikwaruza kidogo mkononi, kama kidevu.

Siku ya Petro na Paulo jumuiya ikaja, uwanja ukajaa. Tukasali, tukaimba, na wakati wa matoleo yakasomwa majina ya wagonjwa. Karibu na mwisho wa rozari nikafumbua jicho moja, nikamwona Emerensiana amepiga magoti nyuma kabisa, ameshika rozari yake. Kumbe alikuwa anafikia kwa ndugu yake mtaa wa pili, na akiwa safarini husali na jumuiya yoyote iliyo karibu. Nilisali kwa bidii kuliko siku zote za maisha yangu.

Ludovika mwenyewe ndiye aliyegawa. Alichukua la kwake, akabonyeza shingo kama nilivyomfundisha, akauma. Watu wote wakamtazama, na Leo akatazama shoka.

"Linalika," akasema. Akauma tena. "Tena ni tamu, Baba Getruda."

Nikapata usingizi wa furaha nikiwa wima. Watu wakala, wakasifia, mzee mmoja akasema anamkumbuka bruda mwenyewe na kwamba bruda alikuwa hivi hivi. Nikaanza kuwaeleza habari za magazeti. Nilikuwa nimefika kwenye umbea nilipoona mtani wangu Emerensiana bado hajala. Alikuwa ameliinua peasi lake usawa wa macho. Alilizungusha. Akalamba kidole gumba, akalisugua shavuni, na pale aliposugua pakatokea jicho la kijani.

Emerensiana hakunyanyua sauti.

"Mtani, huyu mwanangu nilimleta hapa mjini ameoga vizuri. Nani amemvisha matope?"

Nikasema Wabena wamezoea kuona watoto wao kila mahali. Watu wakacheka, lakini vidole vilikuwa vimeshaanza kusugua. Uwanja mzima ulikuwa unalamba na kusugua, na peasi moja baada ya lingine likawa la kijani.

"Zamani mlikuja mkatuchukulia ng'ombe," akaendelea Emerensiana, "tukasamehe, tukawa watani. Sasa mmeishiwa ng'ombe mnatuchukulia hata sifa?"

Ludovika aliweka sahani chini. Hakunitazama kwa hasira, na hiyo ndiyo ilinitisha. Aliniuliza ya kwetu yako wapi. Nikamweleza kweli, kama ninavyowaeleza ninyi: nyumba zilivyoinuka, mama na sahani yake, bruda na kandambili. Nilieleza vizuri sana, mama mmoja alifuta machozi. Leo akasimama akajipangusa magoti, akauliza kwa adabu kesho aje saa ngapi.

Mke wangu aliondoka, akaingia bandani. Alikaa humo kitambo. Tuliona tu kanga yake kwenye lile dirisha, ametulia, kama mtu anayesikiliza. Harufu ilikuwa bado imo humo, haijui kama wenyewe wamekwisha. Alipotoka uso wake ulikuwa umelegea namna ambayo sikuwa nimeiona tangu kabla ya binti yetu Getruda kuzaliwa.

"Leo, rudisha shoka lako nyumbani," alisema. "Mume wangu namjua. Chakula kibaya hamalizi hata akiwa macho na ana njaa. Huyu amemaliza kichanja kizima, tena amelala. Basi mti ni mzuri. Mti unabaki."

Nikafungua mdomo nimshukuru. Akaninyooshea kidole.

"Mti nimeusamehe. Mlinzi sijamsamehe. Genge langu litakaa hapa bandani, tutatoboa ukuta kuelekea njia ya nyuma, na wewe utarudi kulala ndani. Msimu ujao mapeasi yatakaa chini ya kitanda changu. Na mbele ya jumuiya hii umlipe mtani wako."

Nikauliza kama hukumu haiwezi kungoja wenye akili wafike. Emerensiana akasema wapo, wametoka Njombe. Alidai jogoo, siyo jogoo yeyote, yule mwekundu, na alidai nimkamate mwenyewe. Nilimkimbiza kuzunguka uwanja mara kadhaa, wazee wa jumuiya wakinielekeza kwa rozari amekwenda wapi. Nilipompata nilimfunga miguu kwa ukindu nikamkabidhi kwa mikono miwili, nimepiga goti, kama inavyotakiwa. Akampima uzito, akasema Wangoni hata jogoo wao wanalala hovyo, akamtia kwenye ndoo yake.

Kisha nikaingia bandani kutoa kitanda. Kilikuwa kikubwa kuliko mlango, sijui nilikiingizaje, pengine nacho kiliingia ndotoni. Leo akaweka shoka chini, akachukua nyundo, akanisaidia kuking'oa miguu, na Ludovika akasimama pembeni akimwonyesha pa kupigilia rafu ya chumvi.